Fonti Zinazokosekana katika Michoro ya Kifonetiki: Chanzo, Utambuzi na Tiba kwa Mfano wa Data ya Kibajuni

Ikisiri

Makala hii inaeleza kwa nini alama za kifonetiki hupotea au hugeuka alama nyingine pale mchoro unapotolewa kutoka katika programu ya hisabati au takwimu na kuhifadhiwa kama faili la PDF au EPS. Mfano unaotumika ni wa data ya Kibajuni, lahaja ya visiwa vya Ngumi, Chovai, Chula na Koyama pamoja na pwani ya Kismayu. Makala inatenganisha makosa matatu ambayo watafiti wengi huyachukulia kuwa kosa moja, inaonyesha namna ya kulitambua kila moja, na inapendekeza masharti ambayo wahariri na taasisi za lugha wanaweza kuyaweka kabla ya kupokea michoro.

Utangulizi

Kibajuni, ambacho wenyewe na majirani zao hukiita pia Kitikuu, ni lahaja ya kaskazini ya Kiswahili. Kinasemwa katika visiwa vilivyotandaa sambamba na pwani ya Somalia kutoka Kismayu hadi Ras Kiamboni, na kuvuka mpaka hadi Kiunga na Faza nchini Kenya. Jina lenyewe la Kismayu hufafanuliwa na wengi kuwa ni kisima iu, yaani kisima cha juu, kwa matamshi ya kaskazini. Baada ya dola ya Somalia kusambaratika mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakafika Uingereza na kwingineko. Leo sehemu kubwa ya data ya lahaja za visiwani hukusanywa mbali na visiwa vyenyewe, kutoka kwa wazee waliohama. Mzee akishafariki, kinachobaki ni rekodi ya sauti, unukuzi wake, na michoro iliyotokana na hivyo viwili.

Kuna sababu mbili za kuiangalia michoro hiyo kwa makini sasa. Kwanza, Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Kwa hiyo Kibajuni na Chimwiini cha Barawa vimeingia rasmi katika eneo ambalo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wajibu nalo. Pili, uchambuzi wa lugha hutumika katika kuamua asili ya waomba hifadhi. Mwongozo wa kimataifa wa wanaisimu kuhusu uchambuzi wa aina hiyo ulitolewa mwaka 2004. Nchini Uingereza, baraza la juu la rufaa za uhamiaji lilishughulikia suala hilo mwaka 2010 katika shauri la mwombaji aliyejitambulisha kuwa Mbajuni. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisisitiza, katika mashauri mengine ya Wasomali, kwamba uzito wa ripoti kama hizo haupangwi mapema kwa jumla, bali hupimwa kwa kuangalia kilichomo ndani ya ripoti yenyewe. Ripoti ambayo alama zake za matamshi zimeanguka njiani haiwezi kupimwa hivyo. Mtaalamu wa upande wa pili hana cha kukagua.

Herufi nne, lebo tatu

Lahaja za kaskazini hutofautisha sauti ambazo othografia sanifu, iliyotokana na kazi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na kujengwa juu ya Kiunguja, haikuzipa herufi zake. Mojawapo ya tofauti hizo ni mpumuo. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini yule wa porini hutamkwa kwa mpumuo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Tofauti nyingine ni baina ya t ya meno na t ya ufizi. Kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939 ilijitahidi kuonyesha mambo haya, na ndiyo maana hadi leo watafiti wa lahaja huirudia.

Tuchukulie mtafiti anayelinganisha rekodi za msemaji wa Ngumi na za msemaji wa Lamu. Amepima muda unaopita baina ya kuachia kizuizi na kuanza kutetema kwa nyuzi za sauti, naye anachora matokeo kwa programu ya R. Chati ina visanduku vinne: t, tʰ, t̪ na t̪ʰ. Kwenye kioo cha kompyuta yake kila kitu ni sahihi. Anahifadhi kwa amri ya kawaida ya pdf, anatuma, na katika kitabu cha makala visanduku vinasomeka hivi: "t", "t..", "t..", "t....".

Nukta hizo zina maelezo. Amri ya pdf katika R, isipoelekezwa vingine, hutumia fonti ya Helvetica kwa usimbaji wa baiti moja kwa kila herufi, na mpangilio huo hauna nafasi ya alama za kifonetiki. Katika matoleo mengi ya R, kila baiti isiyoweza kubadilishwa huwekewa nukta. Alama ya mpumuo ina baiti mbili katika UTF-8. Kidaraja cha chini kinachoonyesha sauti ya meno nacho kina baiti mbili. Kwa hiyo t yenye mpumuo na t ya meno hutoka na lebo ileile. Msomaji makini ataona kuwa kuna hitilafu; msomaji mwenye haraka atadhani sauti ile ile imepimwa mara mbili na kuleta matokeo mawili tofauti. Na mhariri mwenye nia njema anaweza kufuta zile nukta akidhani ni uchafu wa uchapaji, hapo visanduku vyote vinne vikawa "t".

R hutoa onyo katika tukio hili. Huandika kwamba ubadilishaji umeshindikana na kwamba nukta imewekwa badala ya baiti fulani. Lakini onyo hutokea kwenye dirisha la amri, si kwenye mchoro, na anayeendesha hati ndefu ya amri mara nyingi halioni.

Kinachotokea ndani ya faili

Ili kuelewa tiba ni lazima kwanza kuelewa kwamba faili la mchoro wa vekta, kwa kawaida, halibebi picha za herufi. Hubeba namba za herufi na jina la fonti. Umbo la herufi limo katika faili la fonti, na faili hilo linaweza kuwamo ndani ya mchoro au lisiwemo. Likipachikwa ndani, mchoro husafiri nalo. Lisipopachikwa, kompyuta inayofungua mchoro hutafuta fonti yenye jina hilo. Ikiikosa, huweka nyingine.

Utaratibu huu ulikuwa na mantiki ulipoanza. Lugha ya PostScript ilipotokea katika miaka ya 1980, kumbukumbu ya printa ilikuwa ndogo na fonti za msingi zilikuwa zimeshahifadhiwa ndani ya printa yenyewe. PDF, iliyotoka mwaka 1993, ilirithi wazo hilo: fonti 14 za msingi, yaani Times, Helvetica na Courier kwa maumbo manne manne, pamoja na Symbol na ZapfDingbats, zilihesabiwa kuwa zipo kila mahali na hazikuhitaji kupachikwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kuandika sauti za Kibajuni.

Mfano unaofahamika zaidi katika hisabati ni wa Mathematica. Kuanzia toleo la tatu la mwaka 1996, programu hiyo ilikuja na fonti zake yenyewe za alama za hisabati, na katika fonti hizo mabano yaliwekwa kwenye nafasi za herufi za kawaida: bano la kufungua kwenye nafasi ya H na la kufunga kwenye nafasi ya L. Mchoro ukitolewa kama EPS bila fonti hizo, kisha ukafunguliwa pasipo na Mathematica, f(x) hugeuka fHxL. Wengi waliokutana na jambo hili waliwalaumu wapiga chapa. Programu ilikuwa na chaguo lililoitwa IncludeSpecialFonts, la kuamuru fonti hizo ziwekwe ndani ya faili, lakini mtumiaji alipaswa kujua kwamba lipo.

Isimu ina fHxL yake. Kabla ya Unicode kuenea, wanaisimu wengi walitumia fonti za SIL za mwaka 1993, ambazo nazo ziliweka alama za kifonetiki kwenye nafasi za herufi za Kilatini: ŋ kwenye nafasi ya N, ð kwenye nafasi ya D. Faili la zamani likifunguliwa leo bila fonti hizo, neno ng'ombe linanukuliwa kwa N kubwa na dhahabu kwa D kubwa. Hatari yake inazidi ile ya nukta za R, maana D kubwa ni herufi halali, na asiyejua historia ya faili anaweza kujenga hoja kwamba mnukuzi alikusudia sauti nyingine kabisa. Faili la namna hiyo lisisahihishwe kwa kukisia. Yapo majedwali ya ubadilishaji baina ya usimbaji ule na Unicode, na programu ya TECkit ya SIL hufanya kazi hiyo herufi kwa herufi.

Makosa matatu na namna ya kuyatenga

Kosa la kwanza ni fonti kutokuwapo kwenye kompyuta iliyochora. Hapo mchoro umezaliwa na kasoro, na hakuna mhariri awezaye kuuokoa. Matplotlib, maktaba ya kuchorea ya lugha ya Python, hukiri jambo hili waziwazi: huandika kwamba familia ya fonti iliyoombwa haikupatikana na kwamba inarudi kwenye DejaVu Sans, fonti inayokuja nayo tangu toleo la pili. DejaVu Sans ina alama nyingi za kifonetiki, kwa hiyo mtumiaji mara nyingi huponea. Tatizo linalosumbua zaidi ni pale ambapo fonti imeshasakinishwa lakini Matplotlib bado inasema haipo. Sababu ni kwamba maktaba hiyo huweka orodha ya fonti katika faili la akiba, na orodha huenda ni ya kabla ya usakinishaji. Kulifuta faili hilo na kuanzisha programu upya hutosha.

Kosa la pili ni fonti kuwapo lakini isipachikwe. Alama yake ni kwamba mchoro unaonekana vizuri kwa mwandishi na vibaya kwa kila mtu mwingine. Hili ndilo linalozusha magomvi baina ya waandishi na wahariri, maana kila upande unasema kweli.

Kosa la tatu ni fonti kuwapo, kupachikwa, na bado alama isionekane kwa sababu fonti yenyewe haina umbo la alama hiyo. Kisanduku kitupu hutokea mahali pake. Kuna sura yake nyingine iliyojificha zaidi: umbo la kidaraja lipo, lakini programu haijui kukipanga chini ya herufi, hivyo hukiweka pembeni au juu ya herufi inayofuata. Upangaji wa alama zinazoshikamana na herufi hutegemea maelekezo yaliyomo ndani ya fonti na pia uwezo wa programu kuyasoma, na kwa miaka mingi Matplotlib haikuyasoma.

Chombo rahisi cha kutenganisha makosa haya ni amri ya pdffonts, inayokuja na Poppler na haina gharama. Huorodhesha fonti zote zilizotajwa katika faili la PDF, na kwa kila moja huonyesha kama imepachikwa, kama ni sehemu tu ya fonti iliyopachikwa, na kama lipo jedwali la kurejesha maumbo kwenye herufi za Unicode. Safu hizo tatu zina vichwa vya emb, sub na uni. Ikiwa Helvetica imeandikwa no chini ya emb, basi hilo ni kosa la pili, na mara nyingi ni R. Ikiwa safu ya emb ina yes kila mahali na bado kuna visanduku vitupu, tatizo ni fonti yenyewe. Safu ya uni hupuuzwa sana, nami naona ndiyo yenye uzito kwa kumbukumbu za muda mrefu: ikiwa ni no, mchoro utaonekana sawa lakini maandishi yake yakinakiliwa au kutafutwa huenda yakatoka yakiwa takataka.

Kabla hata ya kuchora, kwenye Linux amri ya fc-list ikipewa namba ya alama, kwa mfano 032a kwa kidaraja cha sauti za meno, hutaja fonti zote za kompyuta hiyo zenye alama hiyo. Orodha ikiwa tupu, hakuna haja ya kuendelea. Fonti itafutwe kwanza. Charis SIL na Doulos SIL zinatosha kwa kazi nyingi za kifonetiki, na leseni yake huria inaruhusu kupachikwa bila ombi wala ada. Fonti nyingine za kibiashara hubeba ndani yake alama inayokataza kupachikwa, na programu zinazoiheshimu huiacha nje. Ipo pia fonti ya SIL iitwayo Andika, iliyobuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Jina lake ni neno letu la Kiswahili, na ingefaa kutumika zaidi kwetu kuliko inavyotumika sasa.

Tiba

Kwa R, tiba ni fupi: tumia cairo_pdf badala ya pdf, na utaje familia ya fonti waziwazi. Njia hiyo huelewa Unicode na hupachika fonti. Kuna pia embedFonts, inayoita Ghostscript ili ipachike fonti katika faili lililokwisha kutolewa. Lakini haiwezi kurejesha alama iliyokwisha kugeuzwa nukta. Nukta ile ni nukta kweli ndani ya faili.

Kwa Matplotlib, mpangilio wa pdf.fonttype ubadilishwe kutoka 3 hadi 42. Kwa kawaida maktaba hii hupachika fonti za aina ya 3, ambazo baadhi ya wachapishaji huzikataa. 42 hupachika fonti za TrueType. Kwa SVG hali ni kinyume: kwa kawaida Matplotlib hugeuza herufi kuwa mistari, na anayetaka maandishi yabaki maandishi huandika none katika svg.fonttype. Akifanya hivyo, jukumu la fonti linahamia kwa msomaji.

Kwa Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam inayotumiwa na karibu kila mfonetiki, alama nyingi huandikwa kwa mkwaju wa nyuma na herufi mbili, kama \ng kwa ŋ na \dh kwa ð. Faida yake ni kwamba hati ya amri hubaki salama hata ikipita kwenye kompyuta isiyoelewa Unicode. Kinachotakiwa ni kuhifadhi mchoro kama PDF kwenye kompyuta yenye Charis au Doulos, kisha kuukagua kwa pdffonts.

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato: geuza herufi zote ziwe mistari, au toa mchoro kama picha ya nukta, na suala la fonti liishe. Kwa bango la ukutani sina pingamizi. Kwa data ya lahaja iliyo hatarini nina pingamizi kubwa. Lebo iliyogeuzwa mistari haitafutiki, hainakiliki, na kipofu anayesomewa na kompyuta haisikii. Miaka ishirini baadaye, mtu atakayetaka kukusanya kila mchoro unaotaja t̪ʰ ya Ngumi hatapata hata mmoja.

Hati ya Kiarabu

Wazee wengi wa visiwani walijifunza kuandika kwanza kwa hati ya Kiarabu, na mtafiti anayeweka maneno yao kwenye ramani au chati anaweza kutaka kuyaonyesha walivyoyaandika. Hapa ugumu huongezeka. Hati hiyo kwa Kiswahili inahitaji herufi zisizo za Kiarabu, kama پ ya p, چ ya ch na ڤ ya v, na fonti nyingi nzuri za Kiarabu hazina zote. Zaidi ya hayo, herufi hubadilika umbo kwa nafasi yake katika neno. Programu isiyojua kuziunganisha huzitoa zikiwa zimetengana, na mara nyingine zikianzia kushoto. Fonti inaweza kuwa imepachikwa kikamilifu na neno lisisomeke. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alishughulika na kuipatanisha hati hii na sauti za Kiswahili kwa kalamu. Kazi yake sasa inahitaji mwenzake katika programu za michoro. Hadi itakapopatikana, ni salama zaidi kuweka maneno hayo katika matini ya makala, ambako programu za kuandikia huyamudu, na kuacha namba tu ndani ya mchoro.

Masharti kwa wahariri na taasisi

Kiwango cha PDF/A, kilichopitishwa na shirika la viwango la kimataifa kama ISO 19005 mwaka 2005, kinadai fonti zote zipachikwe, hata zile 14 za msingi. Vitabu vya makala na hifadhi za data za lugha katika ukanda huu vingeweza kukidai kwa kila faili linalopokelewa. Hakigharimu fedha, kinagharimu dakika chache za ukaguzi, na ukaguzi huo ufanywe kabla ya makala kupelekwa kwa wasomaji wa rika, si baada ya kupiga chapa.

Pamoja na mchoro, mwandishi awasilishe data iliyouzaa, hati ya amri iliyouchora, na jina na toleo la fonti. Anayehariri akiwa na vitu hivyo anaweza kuuchora upya. Asipokuwa navyo hubaki kubahatisha. Kwa ripoti zinazokwenda mahakamani au kwenye ofisi za wakimbizi, ningeongeza sharti moja: ukurasa wa kwanza uwe na mstari wa majaribio wenye kila alama iliyotumika ndani ya ripoti, na kando ya kila alama maelezo yake kwa maneno, kwa mfano "t ya meno yenye mpumuo". Anayeipokea ripoti Glasgow au Nairobi akiona kisanduku kitupu kando ya maneno hayo, atajua papo hapo nini kimeanguka, na ataomba nakala nyingine kabla ya kusikilizwa kwa shauri.